Mvumaji wa Novemba: shajara ya kumtambua ndege mmoja, Lexington, Kentucky

Oktoba 24

Nafungua daftari hili kwa ajili ya ndege ambaye kwa kalenda ya Kentucky angepaswa kuwa ameshaondoka. Huku mashariki mwa Marekani, ndege mvumaji (kwa Kiingereza hummingbird) anayezaliana ni wa aina moja tu: mvumaji koo-jekundu, Archilochus colubris. Madume huanza safari ya Meksiko na Amerika ya Kati mwezi wa Agosti, majike na makinda hufuata Septemba, na ikifika katikati ya Oktoba watu wengi wameshaosha vyombo vyao vya maji ya sukari na kuviweka stoo.

Mimi changu sikitoi. Wapo wanaosema ukiacha sukari nje unamfanya ndege asahau kusafiri. Si kweli. Kinachomsukuma ni kupungua kwa saa za mwanga, na ukimwekea sukari au usimwekee, siku yake ikifika anakwenda. Chombo kinachobaki nje mwezi wa Novemba hakimzuii mtu safari. Humkirimu aliyechelewa, au mgeni aliyetoka mbali.

Leo asubuhi alikuja mmoja, akanywa, akatua kwenye waya wa kuanikia nguo. Ubavuni ana rangi ya kutu, na si ule umanjano hafifu ambao hata kinda wa koo-jekundu anaweza kuwa nao. Alipogeuka nikaona kutu nyingine kwenye shina la mkia. Sauti yake nayo si ya wageni wangu wa kiangazi: kavu, ya kukatakata, "tchk, tchk".

Nimeandika hayo tu. Jina sijaliandika.

Oktoba 26

Kutu kwenye shina la mkia inanipeleka kwenye jenasi ya Selasphorus, wavumaji wa upande wa magharibi. Wanaofika huku mashariki kwa nadra, na ambao inabidi niwapime mmoja mmoja, ni wanne.

Calliope ndiye ndege mdogo kuliko wote kaskazini mwa Meksiko. Mkia wake ni mfupi kiasi kwamba akitua ncha za mabawa huupita au hulingana nao. Huyu wangu mkia unayapita mabawa waziwazi. Calliope ametoka.

Mvumaji mkia-mpana, Selasphorus platycercus wa milima ya Rocky, ana mkia mrefu pia, lakini kutu yake kwenye mkia ni kidogo, na mwili ni mkubwa kidogo. Huyu ana kutu nyingi, hadi kwenye manyoya mawili ya kati. Naye namtoa, ingawa ningependa picha nzuri zaidi kabla ya kumfungia mlango kabisa.

Wanabaki wawili: mvumaji kutu, Selasphorus rufus, na mvumaji wa Allen, Selasphorus sasin. Kazi yenyewe inaanzia hapa, na wengi huiacha hapahapa.

Nimeingiza picha ya kwanza kwenye programu ya Merlin ya Chuo Kikuu cha Cornell. Ikanijibu mara moja: mvumaji kutu. Huenda ni kweli. Kwa mahali nilipo, kubahatisha hivyo ni busara, kwa sababu miongoni mwa wavumaji wa magharibi wanaopotelea huku majira ya baridi, mvumaji kutu ndiye anayeonekana zaidi. Lakini programu imeangalia rangi na mahali, na kwa ndege asiye dume mzima, rangi na mahali havitenganishi hawa wawili.

Oktoba 30

Mvua mchana kutwa. Amekuja mara chache, akanywa, akajificha kwenye mti wa mreteni wa jirani.

Nimebadilisha maji ya sukari. Kipimo ni kilekile: sukari nyeupe kikombe kimoja, maji vikombe vinne. Siweki rangi nyekundu, kwani wekundu wa chombo unatosha kumwita. Asali haifai, huota kuvu upesi. Sukari ya kahawia pia haifai, kwa sababu ina madini ya chuma mengi mno kwa mwili mdogo namna hii.

Nimetundika pia ndizi zilizoiva kupita kiasi ndani ya wavu wa vitunguu, karibu na chombo. Si kwa ajili yake moja kwa moja. Ndizi huzalisha vinzi, na mvumaji hawezi kuishi kwa sukari tupu. Anahitaji protini ya wadudu. Mke wangu amenung'unika kuhusu harufu, na ana haki.

Novemba 2

Nimekaa na maandishi ya mtaalamu wa ndege F. Gary Stiles ya mwaka 1972, ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa kutenganisha kutu na Allen kwa umri na jinsia. Natoa muhtasari kwa lugha yangu, kwa sababu nitarudi kwenye ukurasa huu mara nyingi.

Dume mzima si tatizo kubwa. Wa kutu ana mgongo wa kutu, wa Allen ana mgongo wa kijani. Hata hapo kuna mtego, maana madume wachache wa kutu nao wana mgongo wa kijani. Anayesema "mgongo kijani, basi Allen" ameshatega mguu wake mwenyewe. Majike na makinda ndio tatizo hasa: wote migongo yao ni kijani, wote mbavu zao ni za kutu, wote koo zao ni nyeupe zenye vidoadoa.

Jibu limo mkiani. Mvumaji ana manyoya kumi ya mkia, jozi tano, na jozi huhesabiwa kutoka katikati kwenda nje. Namba moja ni ya kati kabisa, namba tano ni ya pembeni. Jozi zilizo muhimu ni mbili tu, ya pili na ya tano.

Namba mbili: kwa mvumaji kutu, upande wa ndani wa unyoya huu una mkato karibu na ncha. Kwa dume mzima mkato ni dhahiri. Kwa jike na kinda ni kama mahali palipominywa kidogo kwa vidole. Kwa Allen hakuna mkato.

Namba tano: kwa Allen huwa mwembamba kuliko wa kutu wa umri na jinsia ileile.

Maneno hayo ya mwisho, "wa umri na jinsia ileile", ndiyo yanayowashinda watu. Katika kila spishi dume ana unyoya wa tano mwembamba kuliko jike. Kwa hiyo dume wa kutu na jike wa Allen husogeleana mpaka vipimo vyao vikakaribia kugusana. Ukipima upana kabla ya kujua unampima nani, namba uliyoipata haina maana. Utaratibu ni umri kwanza, jinsia pili, jina mwisho. Mitandaoni watu huanza na jina, halafu wakatafuta unyoya wa kulitetea.

Ninachohitaji basi ni picha moja ya mkia uliokunjuliwa wote, manyoya kumi yakionekana, si yamefunikana kama feni iliyofungwa.

Novemba 5

Kuhusu kamera, kwa atakayejaribu.

Bawa la mvumaji hupiga zaidi ya mara 50 kwa sekunde, lakini bawa silitaki. Nautaka mkia, na mkia hukunjuliwa katika nyakati tatu: anapofunga breki akikikaribia chombo, anapogombana na ndege mwingine, na anapojinyoosha asubuhi akiwa ametua. Hapa hana wa kugombana naye, kwa hiyo nimebakiwa na breki na kujinyoosha.

Nimeweka kasi ya 1/3200 ya sekunde, nikaacha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ipande kadiri inavyotaka. Picha yenye chenga lakini kali kwenye ncha za manyoya inanifaa; laini yenye ukungu nitaifuta. Nimeziba matundu yote ya chombo isipokuwa moja, lile linaloelekea dirisha la jikoni, ili kila akija awe amenipa mgongo. Kamera iko kwenye miguu mitatu ndani ya nyumba, kioo kimefunguliwa, na sote tumevaa makoti. Jua la saa tatu asubuhi humwangukia kwa nyuma yangu, na kutu ya mkia inawaka.

Simu nayo isidharauliwe. Video ya mwendo wa polepole, picha 240 kwa sekunde, imenionyesha kwamba anafungua mkia karibu na mwisho kabisa wa breki, kisha anaufunga kabla mdomo haujagusa tundu. Sasa najua nibonyeze lini: kabla hajafika.

Novemba 6

Mawingu. Picha zote za kufuta.

Novemba 9

Nimeipata.

Mkia wote umefunguka, jua limeupiga kutoka nyuma yangu, manyoya ya kulia yote matano yanahesabika. Jozi tatu za nje zina ncha nyeupe. Zile mbili za kati ni kutu sehemu kubwa, kijani kidogo kuelekea ncha. Unyoya wa pili, upande wa ndani, umeminywa karibu na ncha. Nimeukuza mpaka ukawa miraba ya rangi, nikaurudisha nyuma, na bado umeminywa.

Kwenye koo kuna madoa machache ya shaba yaliyotawanyika, makubwa zaidi upande wa kushoto. Jike mzima kwa kawaida huwa na madoa ya shaba yaliyokusanyika katikati ya koo. Kinda dume huyapata hapa na pale, kadiri manyoya mapya yanavyoota. Kutu nyingi kwenye manyoya ya kati nayo inaelekea udume.

Dhana yangu: kinda dume wa mvumaji kutu. Kwenye eBird, daftari la mtandaoni ambamo watu huorodhesha ndege waliowaona, hata hivyo, nimemwingiza chini ya "mvumaji kutu au wa Allen". Chaguo hilo la jozi limewekwa makusudi, na nashangaa watu wanavyoliona kuwa aibu. Mkato ninaouona ni mdogo, na umri bado ni dhana. Kinachothibitisha umri ni mdomo, na kamera yangu haiwezi kuusoma.

Mzee jirani yetu, mtu wa Uvira, alipita kuchukua ngazi yake akanikuta dirishani.

"Papa Neema, kale kandege kangali hapa na hii baridi?"

"Kangalipo, Mzee."

"Kanakula nini sasa?"

Nikamwonyesha picha ya mkia. Akaitazama kwa muda, akauliza kama huyu ni ndugu wa wale wanaonyonya maua ya migomba kwetu. Swali zuri, na nimelisikia kwa wengi. Yule wa kwetu ni chozi, na hawana undugu wa karibu. Chozi amekaa kundi moja na shorewanda na wenzake, wakati mvumaji ni jamaa wa teleka. Mvumaji wa kweli hayupo Afrika leo. Zaidi ya spishi 350 zote ziko mabara ya Amerika. Maua ndiyo yaliyowafananisha, kwa mdomo mrefu na rangi za kung'aa. Chozi kwa kawaida hutua kwanza ndipo anywe, huyu ananing'inia hewani.

Mzee akasema kwa vyovyote hana akili, angekwenda Florida. Akaondoka na ngazi.

Novemba 14

Usiku nyuzi saba chini ya sifuri, za Selsiasi. Maji ya sukari huganda baadaye kidogo kuliko maji matupu, lakini kwa baridi hiyo yanaganda. Nimefunga taa ndogo ya balbu ya zamani, ile inayotoa joto, chini ya chombo, na cha pili nakiweka ndani ili nibadilishe kabla hakujapambazuka. Mapambazuko ndiyo saa ya hatari, kwa sababu amekesha bila kula na akiba yake imekwisha.

Usiku anaingia katika hali ya kuzimika. Joto la mwili, ambalo mchana ni kama nyuzi 40, huliacha lishuke sana. Moyo unaoweza kupiga zaidi ya mara 1,000 kwa dakika akiwa hewani hupungua mpaka mapigo 50 hivi. Ukimkuta hivyo utadhani amekufa.

Watu wengi hapa humhurumia, wakitaka kumkamata na kumpeleka ndani. Asikamatwe. Mvumaji kutu huzaliana mbali zaidi kaskazini kuliko mvumaji mwingine yeyote, mpaka kusini mwa Alaska, na baridi ya usiku milimani anaijua tangu utotoni. Akiwa na sukari isiyoganda na mahali pa kujikinga na upepo, anajiweza.

Leo alikuja kukiwa bado giza. Nilisikia mlio kabla ya kumwona.

Novemba 17

Nimepiga simu kwa mama mmoja mwenye kibali cha kuwavisha ndege pete zenye namba za kuwatambulia. Sheria ya mwaka 1918 ya ndege wahamaji inakataza mtu kumkamata ndege kama huyu bila kibali, na wavumaji wana kibali chao cha pekee juu ya kile cha kawaida, kwa sababu mguu wenyewe ni kama uzi. Aliomba picha ya mkia kwanza. Nikaituma. Akajibu kwa neno moja: "Nakuja."

Novemba 23

Yule mama wa pete amefika alfajiri akiwa na tundu la waya lenye mlango wa kushuka. Tukatoa chombo changu, tukakiweka ndani ya tundu, yeye akakaa mbali ameshika kamba. Ndege alilizunguka tundu, akapanda juu yake, akashuka, akaingia. Kamba ikaachiwa.

Nimeandika niliyoyaona kwa mpangilio uleule alioufuata, na nilifurahi kuona ndio utaratibu wa Stiles.

Mdomo kwanza. Kwa kioo cha kukuza alitazama ubavu wa mdomo wa juu. Kinda huwa na mifereji midogo myembamba kwenye mdomo, ambayo husawazika kadiri anavyokua. Huyu anayo sehemu kubwa ya urefu wake. Amezaliwa mwaka huu.

Kisha jinsia: madoa ya koo, kutu ya manyoya ya kati, urefu wa bawa na wa mdomo. Dume.

Kisha mkia. Aliufungua kwa vidole viwili, na nikauona kwa macho yangu unyoya wa pili ukiwa na mkato wake. Kilichokuwa kidogo na cha kubishaniwa kwenye picha, mkononi hakina ubishi. Akapima unyoya wa tano kwa kalipa, akafungua jedwali, akaweka kidole kwenye safu ya kinda dume. Upana ni wa kutu, mbali na Allen.

Akampulizia manyoya ya kifuani kwa mrija. Chini ya ngozi kulikuwa na mafuta ya njano, dalili kwamba anakula vizuri. Uzito gramu 3.6, senti moja ya Marekani ni gramu 2.5.

Pete ni aluminiamu, ina herufi moja na tarakimu tano. Hizi haziji zikiwa zimekunjwa. Hupatikana kama bamba bapa, na mwenye kibali huzikata, huzisugua kingo na kuzikunja mwenyewe. Ilipoingia mguuni, akamnywesha sukari akiwa bado mkononi, akanifunulia kiganja changu, akamweka. Hakuruka mara moja. Nilihisi mtetemo, si mapigo, kwa sababu mapigo yalikuwa ya haraka mno kuhesabika. Halafu akawa juu ya mreteni.

Baada ya muda mfupi alirudi kwenye chombo, jambo ambalo lilinipunguzia wasiwasi kuliko maelezo yoyote.

Novemba 24

Nimebadilisha ingizo la eBird kutoka jozi kuwa mvumaji kutu, na nimerudi nyuma kubadilisha tangu Oktoba 24, kwa kuwa doa la kushoto la koo linathibitisha ni yuleyule. Mhakiki wa kujitolea aliuliza swali moja tu, nalo ni picha ya unyoya wa pili iko wapi. Nilikuwa nayo.

Desemba 8

Kwa nini huku? Ramani ya kawaida ya mvumaji kutu inapanda pwani ya Pasifiki majira ya machipuko, ikafika Kanada na Alaska, kisha ikashuka mwishoni mwa kiangazi kwa njia ya milima ya Rocky, ikifuata maua, hadi Meksiko. Kentucky haimo kwenye duara hilo.

Zamani waliokuja huku waliitwa waliopotea. Pete zimelifanya neno hilo kuwa gumu kulitetea. Januari 13, 2010, mvumaji kutu mmoja alivishwa pete Tallahassee, Florida. Juni 28 mwaka huohuo alikamatwa Chenega Bay, Alaska, zaidi ya kilomita 5,600 kutoka pale. Wengine wamekamatwa tena katika bustani ileile walikovishwa pete majira ya baridi yaliyotangulia. Ndege anayekwenda Alaska na kurudi kwenye kichaka kilekile hajapotea. Pwani ya Ghuba ya Meksiko, kuanzia Texas hadi Florida, sasa ni makao yao ya kawaida ya baridi, ingawa ni wachache. Kwangu mimi kinda wa Lexington anaonekana kama mmoja wa walioshika njia hiyo ya mashariki na bado hajamaliza kushuka.

Januari 6

Hajaonekana tangu juzi. Hakukuwa na dhoruba. Siku zilikuwa za jua, upepo wa kaskazini. Jioni ya mwisho alikunywa mfululizo mpaka giza.

Namba ya pete iko kwenye maabara ya pete ya serikali, Maryland, kwa hiyo atakayemkamata mahali popote atajua alitoka wapi. Chombo nakiacha nje wiki mbili zaidi, kisha nitakiosha kwa maji ya moto na siki. Ndizi nimezitoa leo, kwa amri ya mke wangu.

Kazi za Oktoba ijayo: chombo cha pili chenye tundu moja kuanzia mwanzo, balbu ya akiba, kamera iwe dirishani kabla ya tarehe 15. Na picha ya mkia wa kila kinda wa koo-jekundu mwezi wa Septemba, maana mpaka sasa sina hata moja ya kulinganishia.